Mwenye Mbwa Amshike

Siku tatu. Ndizo gari la kipaza sauti lilizotupa, likizunguka mji wetu wote wa Griftu kuanzia soko la mifugo hadi kwetu pembeni, ambako nyumba zinaisha na vichaka vinaanza. Mbwa mwenye kichaa alikuwa ameuma watu, kwa hiyo polisi na daktari wa mifugo wangepita boma kwa boma. Mbwa mwenye mwenyewe angedungwa chanjo. Asiye na mwenyewe angepigwa risasi.

Nyanya yangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniuliza gari linasema nini, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Nikamwambia. Akatazama zizi la mbuzi, ambako mbwa wetu alikuwa amelala kwenye kivuli cha ua wa miiba, sikio moja limechanika. Mimi moyo ukaanza kunienda mbio kama mtu aliyeitwa kwenye chumba cha mtihani.

Niseme ukweli mapema, maana nikiuchelewesha nitauremba. Mwaka uliotangulia walikuja hivyo hivyo, na mbwa tuliyekuwa naye wakati huo aliuawa mbele yangu, na ningeweza kuzuia.

Yule alikuwa mweupe, mzee kidogo, na fisi walimjua. Hakuwa na jina. Tulimwita Ey, yaani mbwa kwa Kisomali, basi. Askari aliyeshuka garini alikuwa kijana kutoka kule ambako wazee wetu bado hukuita "Kenya", kana kwamba sisi tuko kwingine. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Mbwa ni ya nani? Mwenye mbwa ashike mbwa yake." Nadhani kwao hiyo ndiyo njia rahisi ya kujua. Mwenye mbwa humkamata shingoni, mbwa hutikisa mkia, mambo yakaisha. Kwetu hakuna anayemshika mbwa. Tunamlisha, tunamsikiliza akibweka, tunamwamini kuliko majirani, lakini mkono haumgusi. Mate yake ni najisi, na mtu wa kuswali hujitunza.

Basi tukasimama, nyanya, mama yangu na mimi. Nyanya akasema, "Yetu, yetu," akionyesha kwa kidole. Askari akarudia, "Basi ishikeni." Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mbwa. Nilikuwa nimetoka kutawadha mara ya tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza niliona hazijakamilika, na nikafikiria udhu wangu. Udhu wangu! Askari alingoja, akatikisa kichwa kama mtu anayedanganywa mchana kweupe, akafyatua.

Nyanya hakulia. Mtu mzima halilii mbwa, na jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi, alikuwa ameshasimama kwenye ua wake akingoja kitu cha kusimulia.

"Hee, msiba umeingia kwenu?" aliuliza. "Nilete mkeka?"

Nyanya akacheka naye. Kisha kwa majuma mengi hakugusa nyama yenye mfupa. Alisema ni meno. Siku moja tu, tukiwa wawili, alichukua mfupa kwenye sahani yangu, akaugeuzageuza, akaniuliza polepole, "Huu nimtupie nani?"

Mbwa wa pili alikuja nyuma ya wachungaji waliotoka Eldas, akabaki. Na sasa nilikuwa na siku tatu za kumzoesha mkono wa mtu, mimi ambaye sijawahi kumgusa mbwa maishani. Kila ninachojua nimejifundisha mwenyewe. Kiswahili hiki nilikitoa redioni na kwenye magazeti ya kufungia sukari. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo nzima za watu. Lakini vyote hivyo nilijifunza nikiogopa kukosea, nikirudia, nikifuta. Hapa hakukuwa na nafasi ya kufuta.

Kwanza nikampigia simu maalim aliyenisomesha Kurani.

"Maalim, mbwa wa ulinzi nikimgusa?"

"Mbwa wa mifugo ameruhusiwa. Kavu kwa kavu hakuna neno."

"Na viganja vyangu vikitoka jasho?"

"Basi osha mara saba, moja kwa udongo."

"Na nikipotewa na hesabu?"

"Binti yangu, ulipokuwa mdogo uliniuliza kama ukipiga chafya katikati ya aya urudie sura nzima. Saba. Si nane. Nenda kamguse mbwa."

Nikaenda, nikiwa na maziwa ya ngamia kwenye kifuniko cha sufuria. Niliponyoosha tu mkono, mbwa aliruka, akatoka nje ya ua, akasimama mbali akinitazama. Nikamfuata, akaenda mbali zaidi. Mchana kutwa tulifanya hivyo. Ilinichukua hadi jua kuinama ndipo nielewe, na nilipoelewa niliona haya. Mikono ya boma letu ilikuwa inamrushia tu. Siku njema mfupa, na akisogelea jiko, jiwe. Mkono unaonyooshwa kuelekea kwake, hata ukiwa na maziwa, ulikuwa mkono unaokaribia kurusha.

"Naa!" jirani akaita kutoka kwenye ua wake. "Umeposwa? Mahari ni mifupa mingapi?"

Nilitaka kumjibu jibu kali. Nililipata kesho yake asubuhi, kama kawaida yangu.

Siku ya pili sikunyoosha chochote. Niliketi kwenye mchanga karibu na zizi, nikampa mbwa mgongo, nikaacha kiganja kimoja chini, wazi, na maziwa kidogo ndani yake. Mbuzi wakaja kwanza, wakanilamba. Nikawafukuza kwa kiwiko, nikaongeza maziwa. Jua likapanda. Mguu ukafa ganzi. Nikawa najisomea dua, kisha nikaanza kusahihisha dua yenyewe, kisha nikasikia pumzi. Pua yenye maji ilinigusa kifundo cha mkono.

Nataka niseme nilitulia. Sikutulia hata kidogo! Ndani nilikuwa ngoma. Nje nilikuwa jiwe, kwa sababu nilijua nikivuta pumzi vibaya nimempoteza. Alilamba. Akaondoka, akarudi. Mara ya nne nikageuza kiganja taratibu, nikamgusa nyuma ya lile sikio lililochanika. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mbwa ana joto hivyo. Manyoya yalikuwa na vumbi na miiba midogo ya nyasi, na chini yake kitu kinachodunda haraka haraka, kama changu.

Nilikimbilia mtungi nikicheka peke yangu. Nilifika tano hesabu ikanipotea, nikaanza upya.

"Maji ya mbuzi unaoshea kiganja kimoja!" nyanya akapiga kelele. "Umemgusa mbwa au umemwosha maiti?"

Kisha akasogea, akapunguza sauti. "Yukoje?"

"Yukoje vipi, ayeeyo?" nikamuuliza nyanya.

"Akiguswa."

"Ana joto," nikasema. "Anatetemeka kidogo, halafu anaacha."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za jamaa wa mbali, akaenda zake.

Siku ya tatu walifika kabla ya adhuhuri. Mbwa alisikia injini kabla yetu. Akatoka zizini akibweka, manyoya ya mgongo yamesimama, akifanya kazi yake vizuri kabisa, na kazi hiyo ndiyo ingemuua. Askari alikuwa yule yule. Nilimtambua kwa adabu yake.

"Mbwa ni ya nani?"

"Yangu!" nyanya akapaza sauti kwa Kiswahili chake. "Hii mbwa yangu!"

"Basi ishike, shosho."

Nikaketi. Pale pale katikati ya uwanja, mgongo kwa mbwa, uso kwa bunduki, kiganja kwenye mchanga. Sikuwa na maziwa.

"We msichana! Toka hapo! Unakaa chini namna gani?"

"Ngoja!" nyanya akasema. "Anashika! Hifyo ndio anashika!"

Sikumwona mbwa. Nilimwona askari, jasho kwenye mdomo wake wa juu, na daktari wa mifugo nyuma yake ameshika sindano. Nilisikia kubweka mgongoni mwangu, kukisogea, kukirudi nyuma. Askari aliinua bunduki, akaishusha, akaniambia nihame, akaiinua tena. Kubweka kukakatika. Nikahesabu pumzi zangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali kama hesabu ni sahihi. Ndipo pua ikagusa kifundo cha mkono wangu.

Nilimkamata kwa mikono yote miwili, shingoni, vibaya, kama mtu anayekamata gunia linaloanguka. Alijikunyata, akatetemeka, akaacha.

"Hivyo hivyo, dada," daktari akasema, akapiga magoti. Sindano ikaingia na kutoka. Mbwa akanilamba shavu zima, kutoka kidevuni hadi jichoni, na mimi nikacheka kwa sauti mbele ya serikali.

Askari naye alikuwa anatabasamu, amebana bunduki kwapani, tayari kwenda. Nyanya akamsogelea.

"Ile ya mwaka jana," akasema, "pia ilikuwa yangu."

Tabasamu likamtoka. Alimkumbuka yule mbwa. "Lakini hakuna aliyeishika, shosho."

"Sisi hatushiki." Alitafuta maneno, akayakosa, akarudia yale aliyokuwa nayo. "Hatushiki. Lakini ilikuwa yangu."

Askari aliangalia viatu vyake. "Pole," akasema. "Pole sana." Akapanda gari.

Ilikuwa pole ya kwanza aliyopewa nyanya kwa ajili ya yule mbwa mweupe. Aliketi chini mahali alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa shali, akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima, jirani akimtazama kutoka kwenye ua wake, mdomo wazi. Nilijua napaswa kwenda kukaa naye. Lakini mbwa alikuwa hai, ameponyoka mikononi mwangu anakimbilia mbuzi, na miguu yangu ilikataa kutulia. Nilikuwa naruka, Mungu anisamehe, naruka na kupiga kelele kama mtoto siku ya Idi, na nyanya analia.