Mafuta kwenye Hesi

Kitu chenyewe ni kidogo, hakizidi urefu wa kiganja changu: kizuia sauti cha bunduki ya upepo ya baba, kile cheusi kinachokazwa kwa hesi kwenye ncha ya mtutu kama kifuniko cha chupa. Kazi yake kupunguza kishindo tu. Na kwa ajili ya kitu hicho nimekosa nafasi niliyoitaka kuliko zote, na hata kulia sikulia, maana tulikuwa kwa watu.

Kwa watu ni Riyadh, kwa ami, mdogo wake baba. Sisi tunakaa Jeddah, Al-Safa. Ami anafundisha wasichana kulenga shabaha, na likizo hii alikuwa na nafasi moja tu kwenye klabu yao: yangu mimi, au ya binti yake, tunayelingana naye umri. Kulenga ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kufungua mdomo. Darasani mwalimu akiniuliza swali sauti inajificha. Nikishika bunduki hakuna anayeniuliza kitu.

Basi alasiri moja tukaenda istiraha, kiwanja cha kukodi nje ya mji. Ami akabandika karatasi za shabaha mbele ya tuta la mchanga. Raundi moja moja, kwa bunduki ya baba.

"Mgeni kwanza," akasema ami. Heshima hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Risasi mbili za mwanzo zikaingia katikati. Ya tatu ikaenda kushoto. Ya nne ikatoka nje ya karatasi kabisa. Nikahakikisha bunduki haina risasi, nikakigusa kizuia sauti. Kinacheza kama jino bovu.

"Ami, kinalegea."

"Unasemaje?"

"Hiki hapa… kinalegea."

"Mkono wako ndio unaolegea!" akadakia binti yake. "Watu wa Jeddah nyie, mmezoea kulenga samaki kwenye sahani!"

Wakacheka. Baba naye akacheka, kisha akamgeukia ami kama anayejitetea: "Bunduki hii mafi ila, haina kasoro hata moja, mdogo wangu. Naipaka mafuta kila wiki kwa mkono wangu. Mtutu, hesi, kila kitu. Kwetu kule ukiacha tu, kutu inakula."

Ndipo nilipojua. Kwetu kila chuma kinapakwa mafuta: bawaba, mikasi, mpaka cherehani ya mama, kwa sababu ya ule upepo wa chumvi wa baharini. Riyadh chumvi haipo, lakini mafuta tulikuja nayo. Hesi inateleza, na kila bunduki ikitikisika kile kitu kinajifungua kidogo, kinapinda, na risasi inakigusa ikitoka. Nikakikaza. Risasi mbili baadaye kikacheza tena. Sasa niseme nini? Mtoto wa kike nimkosoe baba yangu mbele ya mdogo wake, wakati maneno ya kujisifu hayajampoa mdomoni?

Nikamaliza raundi vibaya, vibaya kweli.

Walipogeukia chupa ya chai, nikakifungua. Nikafuta hesi zote mbili, ya mtutu na ya ndani ya kizuia sauti, kwa ncha ya shela yangu mpaka zikakauka, nikakaza kwa mkono hadi kikakaa sawasawa pasipo mwanya. Nilidhani ami atanionea huruma nirudie.

"Yalla, zamu ya mwenzio," akasema ami.

Binti yake akaichukua ikiwa imekaza. Karatasi yake ikatoboka katikati kama imeliwa na panya mmoja.

"Unaona?" baba akaniambia. "Bunduki nzima."

"Halas," akasema ami. "Nimeshampata wangu."

Njia nzima ya kurudi Jeddah nilitazama dirishani. Nyumbani, baba akatandika gazeti mezani, akatoa chupa ya mafuta.

"Baba, hapo kwenye hesi usipake." Nikamweleza kwa pumzi moja, nisije nikanyamaza katikati.

Akakifungua kizuia sauti. Akapitisha kidole. Kikavu.

"Nani kaikausha?"

"Mie."

"Lini?"

"Kule kule. Kabla ya zamu yake."

Akaitazama shela yangu, lile doa jeusi kwenye ncha. Akafunga chupa taratibu.

"Sasa mwanangu, mbona hukusema?"

"Nilisema, baba," nikamwambia. "Mkacheka."