Kadi Niliyoinyima Mshumaa

Juzi zipu ya begi la mwanangu iligoma kufunga. Nikatafuta kipande cha mshumaa, nikaisugua, ikateleza, naye akashika njia ya shule. Mimi nikabaki nimekaa kitandani na ule mshumaa puani. Harufu ya mshumaa ambao haujawashwa hunirudisha Tandika kila mara, kwenye chumba cha shangazi yangu Zuhura, nikiwa na miaka tisa.

Shangazi alikuwa mpiga chapa serikalini mpaka walipopunguzwa. Wenzake walianza kukaanga maandazi, wengine wakafungua genge. Yeye alinunua karatasi za manila na kibati cha rangi za maji, akaanza kuchora kadi za Idd, za Krismasi na za kupongeza waliofaulu. Kadi za madukani, nisiseme uongo, zilipendeza kuliko zake. Tatizo la hizo za madukani ni kwamba zote zilijaa mawaridi, na wanawake wa mtaani kwetu walitaka kadi za kuwapa wanaume: wachumba, mabosi, baba zao.

"Mwanaume hapewi maua," shangazi aliwaambia. "Utamtia aibu kwa wenzake bure."

Basi akawachorea tai, saa za mkononi, redio na viatu vya kamba. Sijui orodha hiyo aliipata wapi, maana nyumbani kwetu hapakuwa na mwanaume hata mmoja wa kumuuliza.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya mwisho. Picha ikishakauka, niliisugua mshumaa taratibu kutoka pembeni kuja katikati, mpaka rangi yote ifunikwe na utando mwembamba. Shangazi hakukubali kadi itoke bila hivyo. "Mwanaume hana mkoba," alisema. "Kila kitu anatia mfuko wa shati, na jasho la Dar unalijua mwenyewe." Baada ya hapo tulizipanga chini ya godoro langu ili zinyooke. Ramadhani nzima nililala juu ya kadi za baba za watu. Nikigeuka nilizisikia zikikwaruzana, nami niliwafikiria watoto ambao siku ya Idd wangempa mtu kadi mkononi, kisha wale naye pilau. Niliwaonea wivu mpaka nikawachukia, na wengine nilisoma nao darasa moja.

Baba yangu alikuwa Geita. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, alinileta kwa dada yake na kwenda machimbo ya dhahabu. Aliniahidi angerudi Idd. Hakusema Idd ya mwaka gani, nami sikuwa na akili ya kuuliza. Huko machimboni hakukuwa na sanduku la posta. Salamu zilikwenda na kurudi mikononi mwa wasafiri, na zilichelewa.

Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atanisahau. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba jirani yetu, Baba Shani, anasafiri kwenda Geita, niliomba manila nimchoree baba kadi yangu mwenyewe. Nilichora baiskeli yake nyekundu, ile aliyokuwa akinipakia kwenye bomba la mbele, kidevu chake kikigusa utosi wangu. Niliijaza wekundu mwingi, tena na tena. Nilipoanza kuisugua mshumaa ukingoni, niliona wekundu unafifia. Roho ikanigoma. Nikaukwangua ule utando kwa kidole na kuuacha mshumaa mezani, na shangazi nikamwambia nimeshapaka.

Baba Shani aliikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati. "Hii nampa mkononi," alisema, akaipigapiga. Mvua za masika zilikuwa zimeanza.

Jibu lilikuja baada ya karibu miezi miwili. Nilisoma mwenyewe: "Mwanangu Mwajuma, kadi nimeipata. Ahsante sana kwa ua jekundu."

"Mie sikuchora ua," nikamwambia shangazi.

"Labda kakosea kuandika."

Nilijua hakukosea. Amesahau baiskeli, nikasema moyoni, na aliyesahau baiskeli amemsahau na aliyepakiwa. Wala mshumaa haukunijia akilini. Nililia siku nzima nyuma ya choo, halafu nikaacha kulia na nikaacha kumchorea. Mara mbili aliagiza kwa wasafiri: mwambieni Mwajuma nangoja kadi nyingine. Nilijifanya sikusikia. Niliendelea kusugua mshumaa kadi za baba za wenzangu, na usiku nikazilalia.

Alirudi nikiwa kidato cha pili, amekonda, anakohoa vumbi la miamba. Nilimwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mpita njia. Alasiri moja tulibaki wawili barazani. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa mfuko mdogo wa nailoni, akaufungua polepole.

Ilikuwa kadi yangu. Katikati palikuwa na doa kubwa jekundu lililotawanyika na kuchanua, na chini yake nusu ya tairi, ambayo yeye aliiona kuwa jani.

"Ilinifikia bado mbichi, Baba Shani alinyeshewa njia nzima," alisema. "Wenzangu walinicheka, wakaniita Baba Ua. Nikawauliza, nani kati yenu ameletewa ua na binti yake?" Akacheka, kikohozi kikamkatisha. "Kisha ukaacha. Nikajua kuna mahali nimekukosea mwanangu, ila sikujua ni wapi."

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba ilikuwa baiskeli. Nikasema, "Masomo yalikuwa mengi, baba." Akatikisa kichwa, akairudisha kadi kwenye nailoni kwa vidole viwili, kwa uangalifu ule ule niliofundishwa na dada yake.

Alifariki kabla ya Idd ya mwaka ule. Miaka mitano alikaa kule akijiuliza alinikosea nini, na mimi nilikaa Tandika nikiamini kwamba amenisahau. Mshumaa ulikuwa pale mezani, karibu na mkono wangu. Niliuacha kwa sababu nilitaka akiifungua kadi, wekundu uwe unawaka.