Gari Nililomkagulia Erupe

Erupe aliponiambia, "Dereva, kesho twende Kakuma ukaniangalilie gari," afadhali ningemjibu kwamba nina homa. Ningemwambia atafute fundi, maana Lodwar ina mafundi wengi. Badala yake nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Wewe unayesoma haya, usiniamini kwa sababu mimi ni mzee. Niamini kwa sababu hakuna mtu anayejitungia uongo wa kujiaibisha mwenyewe namna hii. Haya yalitokea, na yalinitokea mimi.

Erupe na mimi tulizaliwa Lorugum, msimu mmoja. Baba yangu alinipeleka shule, baba yake akamkatalia. Mimi nikafika kidato cha nne, nikaajiriwa kuwa dereva wa serikali, nikaendesha magari ya wakubwa mpaka nikastaafu. Yeye akabaki na mifugo. Watu wote waliniita Dereva, hata mke wangu. Katika miaka yangu yote ya usukani sikuwahi kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili.

Sasa kuna jambo nieleze, vinginevyo hutaelewa kilichoniuma. Kwetu Turkana mwanamume akiwa na maksai anayempenda, huitwa kwa rangi ya huyo maksai. Mwenye maksai mwekundu huitwa Apaloreng, yaani baba wa yule mwekundu. Humtungia wimbo, na akiuimba huinua mikono juu ya kichwa na kuikunja kama pembe. Jina hilo ni heshima yake. Mtu mwingine halichukui, na wimbo huo mtu mwingine hauimbi. Erupe alikuwa amepitia majina matatu ya namna hiyo maishani mwake. Mimi sikuwa na hata moja. Nani atautungia wimbo mshahara?

Ilikuwa 2012, mwaka ambao mafuta yalipatikana ardhini kwetu, na kila mwenye pikapu akawa mtu mkubwa. Kampuni zilikodisha magari, wafanyabiashara walikodisha, hata waliokuwa wakizika walikodisha. Erupe akauza mbuzi karibu wote na ng'ombe wake, akasikia kwamba Kakuma, kule kwenye kambi ya wakimbizi, kuna mfanyabiashara wa Sudan Kusini anauza pikapu yake arudi kwao. Erupe huyu hakujua hata kufungua boneti! Angeajiri dereva. Angeketi upande wa kushoto, kiwiko nje ya dirisha. Je, unafikiri dereva huyo angekuwa nani? Usiku ule sikulala vizuri.

Tulipanda lori kwenda Kakuma. Njia nzima Erupe alikuwa akicheka na kuniuliza maswali ya kitoto. "Dereva, gari ikichoka inaonyesha dalili gani? Inakohoa?"

"Inakohoa," nikamwambia.

"Basi kama mbuzi tu. Tutaelewana."

Mwenye gari aliitwa Deng, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na duka la unga kambini. Alitupokea kwa chai ya maziwa kisha akatupeleka nyuma ya duka. "Gari hii kweis, wazee wangu," alisema, akimaanisha ni zuri. "Kweis sana. Angalia mwenyewe, mimi sifichi."

Nami nikaangalia. Acha nikuambie kwa haki nilichokiona, maana siku ile sikukisema kwa haki. Ilikuwa pikapu ya wastani, si ile ndogo ya kubebea mikate wala si lori. Rangi yake nyeupe ilikuwa imeliwa na jua, na mahali ilipoanza kushika kutu Deng alikuwa amepaka rangi ya chini ya kahawia asiimalizie, kwa hiyo ilikuwa na madoa mwili mzima. Viti vilikuwa vimechanika. Saa ya kilomita ilikuwa imekufa, hivyo hakuna aliyejua imekwenda umbali gani. Tairi moja la nyuma lilikuwa kipara, na kitabu cha gari kilikuwa kimepitia majina kadhaa kabla ya Deng. Hayo ndiyo mabaya yake, na nimeyamaliza.

Mazuri yake je? Niliwasha injini mchana wa jua kali, ikawaka kwa mguso mmoja. Moshi ulikuwa safi. Gia ziliingia bila kelele. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa kwa ajili ya mzigo, na vipuri vyake vilipatikana Lodwar katika duka lolote. Nililala chali chini yake nikaipapasa chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, kuanzia mbele hadi nyuma. Ilikuwa imenyooka, haina ufa. Kwa kipimo chochote cha udereva, lilikuwa gari la kununua siku hiyohiyo.

Nikiwa bado chini, nilimsikia Erupe akiimba. Alikuwa amelitungia wimbo papo hapo! Nilichungulia nikaona miguu yake ikiruka vumbini. Alikuwa akiliita Lomeri, lile lenye madoa, kama angemwita maksai mwenye madoa. Deng alicheka sana. "Hata sisi kwetu!" alisema. "Hata sisi tunaimbia ng'ombe hivi!" Naye akainua mikono yake mirefu kama pembe, wakarukaruka pamoja kama vijana, Mturkana na Mdinka, mbele ya gari.

"Dereva!" Erupe akaita. "Toka huko chini uone! Kuanzia leo mimi ni Apalomeri!"

Hapo ndipo wivu uliponishika. Mimi niliyejua kila nati ya gari lile, nimelala kwenye oili kama panya, na asiyejua breki iko wapi anapewa jina juu yangu. Karibu na uso wangu kulikuwa na alama ya kuchomelea, mahali ndoano ya kuvutia magari ilipokuwa imefungwa zamani. Haikuwa na ubaya wowote. Nikatoka, nikajipangusa mikono polepole, nikamvuta Erupe kando.

"Ndugu yangu, hili gari limevunjika mgongo," nikamwambia. "Chesisi imeungwa. Njoo uone."

Alipiga magoti, akaingiza kichwa, nikamwonyesha ile alama. Akapitisha kidole juu yake. "Hapa?"

"Hapo. Siku ukilipakia mzigo ukaingia kwenye mchanga wa laga, litakatika vipande viwili, ufe na watu wa watu."

Hakubisha. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba hakubisha hata kidogo. Aliinuka, akalipapasa boneti kama mtu anayeagana na mnyama anayekwenda kuchinjwa, akasema, "Ni hasara. Lakini wewe ndiye unayejua, Dereva." Deng alitutazama tu. Nilikuwa nimeongea Kiturkana, na yeye hakukijua.

Tuliporudi Lodwar Erupe alikuwa na fedha mkononi na hana mifugo, na mwanamume wa kwetu akiwa hivyo hatulii. Shemeji yake alikuwa mvuvi Todonyang, kaskazini mwa Ziwa Turkana, akamwalika wanunue mashua na nyavu pamoja. Erupe akaja kuniuliza. "Mimi ni mtu wa mbuzi, Dereva. Maji siyajui. Wewe waonaje?"

Ningeweza kumwambia ukweli siku ile. Alikuwa ameketi mbele yangu juu ya kigoda chake, akisubiri. Nikamwambia, "Nenda. Samaki hawana chesisi." Alicheka mpaka akajifuta machozi. Juma hilohilo akaondoka.

Naye alipoondoka tu, nikauza kiwanja changu, nikachukua na akiba yangu ya kustaafu, nikaenda Kakuma nikalinunua gari lile. Deng aliniuliza, "Na yule mzee mwenzako? Yule wa wimbo?" Nikamwambia amebadilisha mawazo. Akanipa ufunguo bila kunikaribisha hata chai.

Gari halikunisumbua. Lilifanya kazi kama punda. Na watu wa Lodwar, kwa kuona madoa yake, wakaanza wenyewe kuniita Apalomeri. Mara ya kwanza nilitaka kukataa. Mara ya pili nikaitika. Kufikia 2013, tulipokwisha kupata serikali ya kaunti na kazi zikazidi, hakuna aliyeniita Dereva tena. Nilikuwa naketi mbele ya duka, watoto wakipita wananisalimu, "Ejok, Apalomeri," nami nawajibu, "Ejok-noi," kifua kimejaa. Niliomba tu Erupe akae huko Todonyang muda mrefu.

Sasa sikiliza. Sikuwa nimelewa, wala haukuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, nikitoka Kakuma peke yangu, na joto limefanya barabara itetemeke machoni. Niliingia kwenye laga moja kubwa, mto mkavu wa mchanga, nikiwa nimebakiza kama nusu ya safari ya Lodwar. Katikati ya laga alisimama mtu, mikono imeinuliwa juu ya kichwa na kukunjwa kama pembe. Alikuwa anaimba wimbo wa Lomeri. Neno kwa neno.

Nilisimamisha gari kwa sababu alikuwa njiani, na kwa sababu alikuwa Erupe.

Nilifikiri amesikia habari amekuja kunipiga. Nilitamani anipige, kweli kabisa. Lakini aliteremsha mikono akaanza kulizunguka gari, taratibu, kama nilivyolizunguka mimi siku ile. Alibonyeza boneti. Alipiga tairi teke. Akapotea chini kwa nyuma, nikamsikia akipapasa chuma, kuanzia nyuma kuja mbele, chini ya kiti changu, mpaka nikahisi kukwaruza kwa kucha kwenye nyayo zangu. Nilitaka kushuka nikashindwa kuachia usukani.

Kisha akawa ameketi kando yangu. Mlango sikuusikia. Alikuwa ananuka samaki, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Ufa nimeutafuta, sijauona," alisema. Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningepona.

Nikautazama usukani.

"Labda macho yangu," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Akatazama mbele. "Njiani nimewasikia watoto wakimsalimu Apalomeri. Apalomeri ni nani?"

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningesema, "Ni wewe, ndugu yangu." Ni maneno machache tu. Lakini wivu ni kitu cha ajabu. Hata pale, nikijua moyoni kwamba aliyeketi kando yangu si mtu wa kawaida, bado sikutaka kulirudisha jina.

"Ni mimi," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama siku ile ya Kakuma. Hakubisha. "Basi endesha," akasema.

Nikaendesha. Tulipopanda ukingo wa ng'ambo niligeuka kumtazama, na kiti kilikuwa kitupu. Nilisimama, nikarudi kwa miguu nikiwa nimeshika spana. Kwenye mchanga kulikuwa na alama za tairi zangu, na nyuma ya mahali niliposimamisha gari kulikuwa na alama mbili za magoti, zimezama sawasawa. Hapakuwa na nyayo, si za kuja wala za kwenda. Nilitafuta laga nzima mpaka jua likaanza kushuka.

Nilipofika Lodwar nilisikia vilio kabla sijazima injini. Mke wa Erupe alikuwa ametoka Lorugum, ameketi chini katikati ya wanawake, na mke wangu amemshika mabega. Shemeji alikuwa amesafiri kutoka Todonyang hadi Lowarengak kutafuta mtandao wa simu, ndiyo maana habari zilichelewa. Asubuhi ya siku iliyotangulia upepo uliipindua mashua yao. Shemeji aliogelea. Erupe hakujua kuogelea, na ziwa halikuurudisha mwili wake.

Yule mama alininyooshea mkono. "Apalomeri," alisema akilia, "nani atatutazama sasa? Alikuamini kuliko watu wote." Nikamshika mkono, nikamwambia sote tumempoteza. Hata hapo sikusema. Ilinichukua miezi kusema, na nilipomwambia hakupiga kelele. Aliinuka, akawachukua watoto wake, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Gari nililiuza kwa mtu wa mbali. Nilimwambia mabaya yake yote na mazuri yake yote, mpaka akashangaa. Lakini haikunisaidia. Mpaka leo, jua likiwa kali, nikiwa nimelala nyumbani, nahisi kucha zikipita chini ya kitanda, kuanzia miguuni kuja kichwani, taratibu, zikitafuta. Wachungaji wameniombea. Mwaguzi wa kwetu alikuja, akakaa kidogo, akaondoka bila kula. Aliniambia mwenye kutafuta ana haki ya kutafuta.

Kwa hiyo nakuonya, wewe mwenye ujuzi ambao rafiki yako hana. Akikuita ukamwangalilie kitu, jiangalie kwanza wewe. Ukiona moyoni unakitaka kiwe chako, mwambie huwezi kwenda, hata akuone mvivu.

Mimi nilikwenda. Lile gari lilinigharimu uhai wa Erupe, rafiki pekee niliyekuwa naye tangu utotoni, na watoto wake wanakua bila baba kwa sababu ya uongo wangu.