Zabibu Niliyoijua kwa Kunusa

Msimu ule wa mvua, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na moja, nyumba yetu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ilinuka mapera yaliyoiva kupita kiasi, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na ile ya udongo wa ukuta ulionyeshewa. Mapera hatukuwa nayo. Harufu ilitoka kwenye beseni la nyuma ya nyumba, ambamo baba alilowesha chupa tupu za mvinyo ili karatasi zake zibanduke. Alizitoa Lilongwe, katika nyumba ya wageni ambako mpishi mmoja, Mkongomani mwenzetu, alimruhusu kuziokota jalalani kabla ya gari la taka kupita. Alizibeba kwa gunia ndani ya minibasi, zikigongana njia nzima, akaziosha na kuwauzia akina mama wa soko la kambini waliopima mafuta ya kupikia na asali. Mama alishona nguo, baba aliosha chupa, nasi tukala.

Kabla ya vita kututoa Bukavu, baba alikuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli moja kando ya ziwa. Alikuwa akivaa shati jeupe na kuwaeleza wageni mvinyo upi unakwenda na samaki yupi. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Kazini alionja na kutema, na tulipofika Dzaleka hakuonja tena kabisa, kwa sababu kanisa letu lilikataza pombe na yeye ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya. Lakini pua yake haikuwa imesahau. Kabla ya kuzamisha chupa katika maji aliinua shingo ya chupa hadi puani, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Kisha aliniita.

"Nusa kwanza, usiseme haraka," aliniambia. "Unasikia nini?"

"Sawa mapera, papa."

"Njo vile! Hiyo ni chenin ya Afrika Kusini. Bazee ba kule banaiitaka steen. Jua kali njo inaleta mapera."

Hivyo ndivyo nilivyoijua zabibu nyeupe ambayo sijawahi kuiona mtini. Nilijifunza kwamba mashamba machanga ya Rasi, huko Afrika Kusini, hutoa mvinyo mwepesi wenye mapera na nanasi, na kwamba mizabibu mizee, iliyopinda na kuachiwa mvua peke yake, hutoa mzito zaidi, unaonukia asali na majani makavu. Siku moja ilikuja chupa ya Ufaransa, kutoka bonde la mto Loire, na baba alikaa nayo mchana kutwa bila kuiosha. Kule, alisema, baridi huifanya zabibu ileile iwe kali ulimini kama embe bichi. Mwaka wenye jua jingi wakulima huiacha mtini hadi ikunjamane, ndipo unapopatikana mvinyo mtamu wa kudumu kuliko aliyeutengeneza. Nilipomwambia kwamba ile ilinuka tofaa lililopikwa na sufu ya kondoo aliyenyeshewa, alicheka hadi akashika ukuta. "Zabibu ni moja," alisema. "Ni sawa Kiswahili. Mutu wa Uvira akifungua kinywa, sisi ba Bukavu tunajua ametoka wapi."

Nilifurahi nikiwa naye nyuma ya nyumba. Mbele ya nyumba niliona haya. Watoto walikuwa wamemwona Lilongwe, au walisema wamemwona, akiwa amepiga magoti jalalani na chupa puani. Shuleni wakaanza kunifuata wakiwa wameziba tundu moja la pua kwa kidole na kufumba macho. Nilimpenda baba, lakini nilianza kumwomba Mungu anipe baba asiye na pua.

Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kanisani likasemwa kwamba mwalimu wa kwaya analewa. Jumapili moja, baada ya mafundisho ya watoto, Mama Espérance, mzee wa kanisa aliyetufundisha, alinibakiza. Alikuwa mwanamke mpole. Alinishika mkono, akainama hadi macho yetu yakakutana.

"Mutoto yangu, usiogope. Papa yako anakunywaka?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Ningesema: hanywi, ananusa tu. Lakini niliyasikia maneno hayo kichwani kabla hayajatoka, na nikaona kidole kikiziba pua. Walevi Dzaleka walikuwa wengi, na hakuna aliyewacheka watoto wao. Mtu anayenusa mabaki ya watu jalalani alikuwa mmoja tu, na alikuwa wangu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Anakunywaka."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki iliyofuata mchungaji alimsimamisha baba mbele ya kusanyiko lote, akatangaza kwamba ushahidi umepatikana, naye anavuliwa kwaya. Nilikuwa nimekaa karibu na mama, nikihesabu vifungo vya gauni langu. Nilitaka apige kelele, akatae, amtake shahidi ajitokeze. Baba alisema tu, "Nimesikia, pasteur," akashuka, akapita katikati ya watu hadi benchi la nyuma kabisa. Nyumbani mama alilia na kumuuliza kwa nini hakujitetea. Gunia la chupa baba hakulileta tena. Alianza kulima vibarua katika mashamba ya Wamalawi, na kwangu hakusema neno lolote tena kuhusu zabibu.

Nilipokua nilipata kazi ya kuhudumia wageni katika mgahawa mmoja Lilongwe, nikipanga chumba katika mtaa wa Kawale. Siku moja msimamizi wetu alitumiminia wahudumu mvinyo kidogo kidogo ili tujue tunachouza. Niliweka glasi puani na kusema kabla ya kuonja: chenin, ya Rasi, mizabibu mizee. Msimamizi aligeuza chupa, akasoma, akaniangalia kwa mshangao. "Nani amekufundisha?" Nikasema nimejisomea kwenye simu. Nilikuwa mtu mzima, hakuna aliyenicheka, na bado nilimkana baba.

Jumamosi iliyofuata nilipanda minibasi kwenda Dzaleka. Nilimkuta baba akimenya mihogo mlangoni. Nilimwambia yote, kuanzia mkono wa Mama Espérance hadi simu, bila kumwangalia. Aliendelea kumenya.

"Nilijuaka," alisema. "Mama Espérance aliniambia siku ileile, mbele ya pasteur."

"Sasa mbona hukukataa, papa?"

"Ningekataa, bangekuita. Ungesimama pale mbele wewe, bakuite muongo. Ulikuwa mutoto."

Siku hizi mimi ndiye ninayewafundisha wahudumu wapya. Wakiniuliza nilikojifunzia, nawatajia jina la baba yangu lote, na jalala nalitaja. Hawacheki. Huandika katika madaftari yao na kuuliza kama bado yu hai. Yu hai, nawaambia. Zamani nilidhani aibu ni kuwa na baba anayepiga magoti kwenye taka. Leo aibu yangu ni nyingine, na hiyo hakuna aliyenipachika. Mchungaji yule alikwisha kuhama, Mama Espérance amefariki, na kwaya ina mwalimu kijana anayeimbisha vizuri. Baba bado anakaa benchi la nyuma. Nimemwomba mara mbili niende nikasimame mbele ya kanisa niseme ukweli. Mara zote mbili amekataa, na mara zote mbili, Mungu anisamehe, nimeshukuru.