Kulabu katika Mto Mwekundu

Muriel Flett alikuwa mwanamke wa Kikri, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, mnene, mwenye sauti nzito, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni mtoni kwa mashua, akiwaonyesha jiji la Winnipeg. Mimi, mtu wa Uvira niliyezeekea huku, nilikuwa mfunga kamba wa mashua hiyo.

"Kule ng'ambo," alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, "ni kanisa kuu la Wafaransa. Liliungua, ukabaki uso tu. Kama mume wangu wa kwanza."

Wageni walivunjika mbavu. Tukifika mito inapokutana, aliwaelekeza sokoni, ambako Mfilipino hununua sambusa za Mhindi na Muukraine hugombania meza na Msomali.

Septemba moja binti yake wa pekee, Raylene, alitoka kazini, akaonekana akivuka daraja, basi. Hakuonekana tena. Muriel alikwenda polisi nami nikamsindikiza.

"Mama, huyo ni mtu mzima," afisa alimwambia. "Pengine yuko kwa mpenzi wake. Atarudi."

"Kamwacha paka bila chakula. Raylene angeninyima mimi kabla ya kumnyima paka."

Afisa alicheka. Muriel hakuwa anatania.

Mto ukaganda. Majira yote ya baridi watu waliteleza juu ya barafu wakishikana mikono, naye akajifungia ndani asiwaone. Barafu ilipovunjika, alirudi kazini, akasema maneno yaleyale bila vichekesho. Jumapili moja mgeni mmoja aliyechangamka akamuuliza, "Hivi chini ya haya matope kuna nini?"

Muriel akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Baiskeli. Matairi. Na watoto wetu. Wangu anaitwa Raylene, ana kovu kidevuni. Mkimwona, mniambie."

Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Tulipofika gatini, mwenye mashua, Bwana Dyck, alikuwa ameshapata habari.

"Nakuhurumia, Muriel, Mungu shahidi. Lakini watu huja hapa kufurahi."

"Basi wafurahi," alisema. Akavua fulana ya kazi, akanitupia, akaondoka kavaa sidiria tu mbele za watu.

Akajiunga na kikundi cha watu wa kujitolea waliokokota kulabu chini ya mto wakitafuta miili ya waliopotea, wengi wao mabinti wa wenyeji wa asili kama Raylene. Walikuwa na kiboti cha bati. Siku zangu za mapumziko nilikwenda kumshikia usukani.

"Dada Muriel," nilimuuliza siku moja, "kweli unataka kumpata?"

"Kuna siku naomba nimpate. Siku nyingine kulabu ikinasa, naomba liwe gogo."

Agosti, wakati wa tamasha ambapo kila taifa hufungua ukumbi wake, tukisikia ngoma kutoka ng'ambo, kulabu ilinasa. Halikuwa gogo. Lilikuwa koti la kiume, na mwenye koti alikuwa ndani yake. Nilimwona Muriel akishusha pumzi kwa nafuu, kisha uso ukamwiva kwa aibu ya nafuu hiyo.

"Njoo, mwanangu," akamwambia yule maiti. "Twende nyumbani." Akamfunika kwa shali yake, akaketi karibu naye mpaka polisi walipofika.

Alikuwa Danylo, mtoto wa Halyna Baran, mjane aliyekimbia naye vita vya Ukraine. Barafu ilikuwa imemmeza wakati wa baridi. Halyna aliletwa ukingoni, akaangalia, kisha akamrukia Muriel akimpiga ngumi kifuani.

"Nani kakutuma umtoe? Nilikuwa bado namsubiri! Bado namsubiri!"

Sisi tulitaka kumzuia. "Mwacheni," Muriel alisema. Alisimama akipigwa mpaka mwenzake akaishiwa nguvu, ndipo akamdaka asianguke.

Nilidhani hatagusa kulabu tena. Wiki iliyofuata alikuwa mtoni. Akaendelea hadi vidole vilipojikunja kwa baridi ya maji asiweze kushika kamba. Kichomi kilimchukua kabla mto haujaganda mara nyingine. Raylene hakupatikana.

Muriel tulimzika kaskazini, kwao. Halyna alikuja kwa basi na mkate aliouoka mwenyewe, akasimama kando yangu.

"Nilimpiga yule mama," akasema.

"Hakuwa na kinyongo nawe."

"Najua," alisema. "Ndicho kinachoniua."