Vyumba vya Chini Vina Wenyewe

Kaka yangu ndiye aliyenitafutia ile gesti. Alinipigia simu kazini kwangu Bukoba, siku zile ofisi yetu ya ushirika ilipokuwa imebakiwa na simu moja na meza mbili, akasema kwa furaha, "Nimekupatia mahali pazuri mno. Jengo jipya kabisa. Ukikaa barazani unaliona ziwa lote."

Alikuwa dereva wa lori, na wiki ile alikuwa na safari ya Kigoma. Nisingeweza kufikia kwake, maana alikuwa akiishi chumba kimoja na dereva mwenzake. Nikamshukuru. Sikumuuliza habari za ngazi wala za choo. Kwetu mambo hayo hayakuwa yakizungumzwa.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka minne. Tangu shule ya msingi nimevaa chuma kinachoanzia pajani na kuishia kwenye kiatu. Gotini kina kitasa: nikisimama nakifunga, nikikaa nakifungua. Natembelea gongo moja. Mama alinilea kama wengine wote, nikachuma kahawa, nikateka maji, na mtu aliyethubutu kuniita kiwete mbele yake hakurudia. Ndiyo maana sisi sote, mimi nikiwamo, tulijifunza kuupita mguu ule kimyakimya, kama unavyompita mgeni aliyelala sebuleni.

Mwaka ule ushirika ulikuwa unatupunguza kazini kwa mafungu, na fungu langu lilikuwa limeshatajwa. Mwanza viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, na kimojawapo kilihitaji mpiga taipu. Waliniita kwenye majaribio siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nikashuka melini Jumatano asubuhi na begi langu dogo, nikachukua teksi.

Dereva alisimama chini ya mlima wa mawe, upande wa Ilemela. "Gari mwisho hapa, dada," alisema. "Gesti ni ile kule juu."

Niliitazama. Ilikuwa nyeupe, imekaa juu ya majabali makubwa. Ngazi nyingine zilichongwa kwenye mwamba wenyewe, nyingine zilikuwa za saruji, na hapakuwa na mbili zilizolingana. Mahali pa kushika hapakuwapo. Nina tabia ya kuhesabu ngazi, nayo hunisaidia kutofikiri mengine. Zilikuwa thelathini na nane. Nilipofika juu blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni. Barazani alikaa mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama, ambaye alikuwa amenitazama tangu ngazi ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu sana, karibu. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe."

Ndiye aliyekuwa mwenye gesti. Mapokezi alikuwapo msichana mwembamba aliyesuka twende kilioni. Alinipa ufunguo wa chumba namba tisa.

"Kiko wapi?"

"Juu, dada. Ghorofani."

"Hamna cha chini?"

Akainamisha macho kwenye daftari lake. "Vya chini vina wenyewe."

Nilitazama ukumbini. Milango minne ya vyumba vya chini ilikuwa imefungwa, na funguo zake zote nne zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma yake. Aliona nilikotazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni vya wageni wa muda mfupi, dada. Wanakuja mchana, wanaondoka. Hawapendi kupanda juu wakaonekana. Mzee amesema vya chini tusilaze mtu."

Nikapanda. Ngazi kumi na nne, nyembamba, zenye kona katikati.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Shuka jeupe, maua ya plastiki, na dirishani ziwa kama kaka alivyosema. Lakini sikuweza kutulia. Nilikaa kitandani nikafungua kitasa, nikakifunga tena nikasimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Nilikuwa nimeshaona kwamba choo na bafu viko uani, nyuma ya jengo, na kichwani nilikuwa napiga mahesabu: ngazi kumi na nne za kushuka, ukumbi, kizingiti, ua wa saruji iliyolowa, kizingiti kingine. Kisha kurudi. Mara ngapi mpaka kesho? Nilitoa karatasi nifanye mazoezi ya hati mkato, nikaandika mistari miwili, nikaiweka. Nikasimama tena.

Kufika saa saba mchana sikuwa na namna. Nikashuka.

Kilikuwa choo cha kuchuchumaa, kimepakwa chokaa, safi. Mimi siwezi kuchuchumaa kama watu. Naunyoosha mguu wa chuma mbele, nashuka kwa mguu mmoja, na kuinuka lazima nipate kitu cha kushika. Nyumbani baba alichimbia mti pembeni ya shimo. Aliuchimbia siku moja asubuhi bila kumwambia mtu ni wa nini. Ofisini kulikuwa na mpini wa mlango. Pale palikuwa na bomba tu, lililoshuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa na kuingia bafu la jirani. Nilipomaliza nikalishika kwa mikono miwili, nikajivuta.

Lilinishikilia mpaka nikawa nimesimama nusu. Kisha likachomoka kwenye kiungo, na maji ya tangi zima yakanimwagikia kifuani.

Nilipiga ukelele. Nilikuwa nimebanwa ukutani, gongo limeelea kona ya pili, maji yanatoka kwa nguvu, yanapita chini ya mlango, yanavuka ua, yanaingia ukumbini. Nilijitahidi kuvaa vizuri, nikasota hadi kwenye gongo, nikatoka nikitiririka. Nikawakuta uani bwana mmoja mnene aliyejifunga taulo, tai iko mkononi, na mama mmoja aliyejifunika khanga kichwa kizima. Maji yalikuwa yameingia katika vyumba vya chini. Mwingine alitoka na viatu vyake kwapani, hakusalimia mtu, akashuka mlima.

Mzee alikuja mbio kofia mkononi. "Nani? Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu kabla hajajizuia. Kisha akaliona. "Umevunja bomba langu!"

"Nilikuwa nainuka."

"Kuinuka! Watu wote wanainuka. Kuinuka kunataka bomba?"

Nikaipandisha sketi kidogo, chuma kikaonekana kinavyodondosha maji. Sijawahi kumfanyia mtu vile, hata daktari alikuwa ananiomba kwanza. "Kwangu mimi kunataka."

Akatazama. Sauti ikampungua. "Sasa mbona hukusema una matatizo?"

"Mzee, nimepanda ngazi zako zote wewe umekaa pale unanitazama."

"Niliona," alisema. "Nikadhani umezoea."

Ningependa kuandika kwamba aliona haya. Alitazama mguu, akatazama bomba, na nilimwona wazi kwamba lililomuuma zaidi ni bomba. Simlaumu sana leo. Baadaye yule msichana aliniambia kwamba mzee naye alikuwa amepunguzwa katika shirika moja la umma, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kimeishia kwenye yale majabali. Lakini mchana ule nilimchukia.

Vyumba vya chini vilikuwa vimelowa magodoro, kwa hiyo hata wangetaka, hapakuwa na pa kunihamishia. Jioni msichana alinigongea mlango. Alikuwa amebeba ndoo yenye kifuniko.

"Tumia hii humu ndani, dada. Asubuhi nitaimwaga mwenyewe."

"Hapana. Asante."

"Haina neno. Bibi yangu nilimfanyia miaka mingi."

"Nimesema hapana."

Nilimjibu kwa ukali, naye akaondoka na ndoo yake polepole. Nimelijutia jibu lile kuliko bomba. Lakini mimi sikuwa bibi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, napiga maneno sabini kwa dakika. Nikaamua nisinywe tone la maji mpaka kesho. Joto lilikuwa la Mwanza, mawe yale hunywa jua kutwa na kulitoa usiku. Sikupata usingizi wa maana. Koo likanikauka kama kitambaa cha kufutia ubao.

Asubuhi ngazi za mlimani zilikuwa na umande, zinateleza. Nilisimama juu yake na gongo, nikajaribu ya kwanza, kiatu kikanikimbia. Nikarudi nyuma. Watu walikuwa wanapita chini kwenda kazini. Nikafikiri, nikafunga faili langu la vyeti kifuani kwa mtandio, nikafungua kitasa cha goti, nikakaa kwenye mwamba. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, na sketi yangu ya majaribio.

Msichana wa mapokezi alikuja bila kuitwa. Akachukua begi na gongo, akatangulia. Hakunishika, na hakugeuka nyuma hata mara moja mpaka tulipofika chini. Hapo akanipa gongo, akanipangusa mchanga nyuma ya sketi kwa kiganja, pap pap, kama dada anavyompangusa mdogo wake, akasema, "Nenda ukawashinde."

Kiwandani alinipokea afisa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani. Kabla hajanionyesha kiti nikasema, "Samahani mama, naomba maji kwanza." Nikanywa bilauri tatu mfululizo, akinitazama. Kisha nikamwuliza choo kiko wapi. Kilikuwa chini, cha kukaa, kando ya chumba cha mizani. Chumba cha majaribio kilikuwa juu.

Tulikuwa sita. Mikono yangu haijui habari za mguu. Nilimaliza wa kwanza. Mama akasoma karatasi yangu, akasoma tena.

"Utaziweza ngazi kila siku?"

"Nitaziweza. Lakini, mama, taipureta ikishushwa mara moja imeshuka. Mimi nitapanda kila siku."

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Jioni ile ile kaka alirudi kutoka safari, akaja moja kwa moja bandarini kunisindikiza, vumbi la barabara bado liko kwenye nyusi. "Gesti ulionaje? Ziwa uliliona?"

Nikamweleza yote, mbele ya wabeba mizigo. Sauti yangu ilipanda nikashindwa kuishusha. Alisikiliza ameinama.

"Nilisahau," akasema.

"Ulisahau nini?"

"Mguu." Akajifuta uso. "Nilipokwenda kuiangalia niliwaza tu kwamba unapenda kukaa mahali pa juu."

Sikujua nimkumbatie au nimpige na gongo. Nilikwenda mpaka ukingo wa gati nikarudi, nikaenda tena. Niliporudi akaniuliza, kwa aibu, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika nyumba yetu.

"Kwani kule nyumbani chooni ulikuwa unafanyaje?"

"Kuna ule mti wa baba."

"Upi? Ule wa kutundikia nguo? Miaka yote nimeutundikia shati."

Tukacheka mpaka watu wakageuka, kisha tukaacha ghafla, na tukakaa ukingoni mwa gati, begi langu katikati yetu, tukisubiri meli.

Barua ilinifikia Bukoba baada ya wiki tatu. Walinichukua. Meza yangu waliiweka chini, ukutani mwa chumba cha mizani, na kwa miaka sita barua zangu zote zilinuka samaki. Nilipokuja kutafuta chumba cha kupanga Ilemela kaka alinifuata kila nyumba, na kila nyumba niliomba kuona choo kabla ya chumba. Mama mmoja mwenye nyumba alishika kiuno. "Mpangaji gani huyu," alimwuliza kaka, "anayeanza na choo?"

Kaka akamwambia atuonyeshe tu. Nyumba ya saba ndiyo niliyoipanga, naye akaja Jumapili na nondo mbili na mfuko wa saruji, akapitiliza nazo chooni.