Pedeli Inayofikiri Kwanza

Mnisamehe kwa mwandiko wangu mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole, nafuta zaidi kuliko ninavyoandika. Lakini jambo hili limenikaa kooni, na kulisema kwa mdomo siwezi, maana mbele za watu huwa nakosa sauti.

Nalichukia gari la mjomba wangu. Si kwa wivu, kama wanavyosema vijiweni pale mtaani kwetu Ufukoni. Nalichukia kwa sababu ya pedeli yake ya mafuta.

Kabla ya gari hilo nilikuwa naendesha pikapu kuukuu ya mjomba, nikisomba barafu na samaki kati ya mjini na kijiji cha Msimbati. Pedeli ya pikapu ile ilifungwa waya wa chuma uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye injini. Ukikanyaga kidogo, injini inaitika kidogo. Ukiachia, inatulia hapo hapo. Ilikuwa ngumu, ikifika jioni kifundo cha mguu kinauma, lakini haikuwahi kunidanganya. Kwa unyayo tu nilijua mzigo una uzito gani, na mchanga wa mbele ni laini kiasi gani kabla sijazama. Kuendesha ndicho kitu pekee nilichoweza kukifanya mbele za watu bila kuona haya.

Msimu mmoja wa korosho ulipokwenda vizuri, mjomba akaiuza pikapu. Akaleta gari la milango minne, jeusi, la chini, lenye vioo vya giza, injini ya mbio na kitufe cha spoti. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo sikuulizwa. Alinipa ufunguo mbele ya mama.

"Hili si la samaki," alisema. "Hili ni la arusi na wageni wa kampuni ya gesi. Likipata mkwaruzo mmoja tu, unarudi shamba kupalilia."

Akaweka na sharti jingine: hakuna kuingia na viatu. Viatu vyote, vya dereva na vya abiria, vilitiwa kwenye mfuko na kufungiwa kwenye buti, kana kwamba tunaingia kuswali. Kwa hiyo pedeli ile niliijua kwa unyayo mtupu.

Ilikuwa laini kama sifongo. Unakanyaga, hakuna kitu. Unasubiri kama unayemgongea mlango mtu aliyelala. Unaongeza, bado. Unaongeza tena, ndipo gari linashtuka na kuruka kama limechomwa sindano, na wewe hukutaka kuruka. Ukiachia, linaendelea kuvuta. Ukibonyeza kile kitufe, mambo yanageuka: unagusa kwa dole gumba tu, linaruka. Fundi wa umeme wa magari aliniambia mle hamna waya wa kuvuta. Pedeli inapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua.

"Wewe unaomba tu," alisema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nani anataka kuomba katikati ya barabara, bodaboda amemkatia mbele?

Mjomba alikuwa akikaa kando yangu akinisimanga mpaka tunafika. "Una mguu wa jembe. Gari la kisasa linataka mguu uliosoma." Abiria wakiwemo ndipo anapaza sauti.

Siku ya arusi ya ndugu zetu Msimbati tuliondoka watatu: mjomba mbele na mimi, mama nyuma. Barabara ile ina mchanga. Mchanga unataka msukumo mdogo usiokatika, na hicho ndicho pedeli ile isichokijua. Niliomba kidogo, ikaninyima. Niliongeza, ikanipa yote kwa pamoja. Magurudumu yakazunguka yakijichimbia mpaka tumbo la gari likalala chini. Tukashuka peku kwenye mchanga wa saa saba tukasukuma, mjomba ameshika kanzu yake juu ya magoti.

"Ntoto wewe umeniaibisha," alisema tulipotoka. "Kaa nyuma na mama yako, uone gari linavyoendeshwa."

Akabonyeza kitufe cha spoti.

Kwenye kijiji cha mbele mbuzi alivuka, mjomba akasimama. Kando ya barabara palikuwa na turubai, na juu yake makopa ya muhogo yameanikwa, meupe, yamekaribia kukauka. Mbuzi alipopita, mjomba alikanyaga kama alivyozoea kukanyaga kwenye pikapu. Gari liliruka upande, likapanda turubai lote, likasimama kwenye uzio wa jiko. Nilisikia makopa yakivunjika chini yetu.

Mwenye makopa, mwanamke mjane, alitoka nyuma ya nyumba. Vioo vile vya giza havikumwonyesha nani yuko wapi. Mjomba akanigeukia haraka.

"Sema ni wewe. Ukisema ni wewe, ufunguo ni wako mpaka nife. Mimi ni mtu mzima, siwezi kudhalilika hapa."

"Mfichie mjomba wako, mwanangu," mama alisema, akiangalia magoti yake.

Tukashuka kabla hajalizunguka gari, asione nani ametokea mlango gani. Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. "Hawa vijana, mama. Mguu wao mzito."

Mjane alimpita. Alinitazama mimi. "Ni wewe, mwanangu, uliyesaga chakula changu?"

Ufunguo ule ungekuwa wangu kabisa, kama ningefungua mdomo tu na kukubali. Nikachelewa kujibu, kama kawaida yangu.

"Si mimi," nikasema. "Ni mjomba."

"Basi mjomba huyu ana mdomo mwepesi kuliko mguu," akasema mjane, na wanawake waliokuja kuangalia wakacheka.

Mjomba aliingia garini, akarudi nyuma juu ya makopa yale yale, akaondoka. Viatu vyetu vilikuwa kwenye buti. Mimi na mama tulibaki tukichambua vipande vilivyofaa kutoka kwenye mchanga. Baadaye alimpelekea mjane gunia la makopa yetu kwa bodaboda. Mjomba hakupeleka kitu, wala kuomba radhi.

Sasa gari linaendeshwa na kijana mwingine. Mimi napalilia mikorosho. Mjomba hupita, nikimwamkia haitikii, kwa hiyo shikamoo yangu nimeiacha. Mama anasema nimevunja nyumba kwa ajili ya muhogo. Sikubali, na sitakubali.

Wewe unayesoma, kama mguu wako umewahi kukanyaga pedeli ya namna ile, niandikie. Niambie gari linakufanyaje kwenye mchanga, na ulimjibu nini mwenye gari alipokulaumu. Na kama unamjua mtu mwenye pikapu kuukuu anayetafuta dereva, andika na hilo. Nitajibu, ingawa nitachelewa.